Pumba tunazolipia ziondolewe na afya tunayoitafuta

  



Leo nataka tuzungumze habari ya tumbo. Najua wapo watakaosema kuwa Umma una mambo makubwa ya kujadili na huyu anatuletea habari za ugali. Lakini katika Suratu Abasa, kuanzia aya ya 24, Allah (s.w.) mwenyewe anamtaka mwanadamu akiangalie chakula chake. Kisha anatueleza jinsi anavyomimina mvua, anavyoipasua ardhi na kuotesha humo nafaka, zabibu, mboga, mizeituni, mitende, mabustani, matunda na malisho. Halafu anamalizia kwa kutaja kuwa vyote hivyo ni kwa manufaa yetu sisi na mifugo yetu.

Sisi wa Dodoma tunapaswa kuisoma aya hiyo kwa makini zaidi, maana nafaka na zabibu ndizo mali za nchi hii kavu. Na hayo maneno ya mwisho, yanayotutaja sisi pamoja na mifugo yetu, yananifanya nijiulize kila ninapopita kwenye mashine za kusaga hapa Makole: Katika nafaka ile ile aliyoiotesha Allah, sehemu gani tunakula sisi na sehemu gani tunawapa kuku?

Jibu linajulikana. Punje ya hindi imeumbwa na sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo ndilo linalotoa pumba. Ndani, upande wa ncha, kuna kiini, ambacho ndicho kinachoota, nacho kina mafuta, protini na vitamini. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni wanga. Anayetaka dona husaga mahindi yake yote kama yalivyo na hulipia kusaga tu. Anayetaka sembe hulipia kwanza kukoboa, yaani kuondoa ganda na kiini, kisha hulipia tena kusaga. Wapo wanaotaka yakobolewe hata mara mbili ili unga uwe mweupe kama chaki. Kinachotoka pale huwekwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji.

Kwa hiyo Muislamu anatoa fedha yake ya halali ili neema iondolewe katika chakula chake, anarudi nyumbani na wanga mtupu, na kuku wa jirani wanapata nyuzinyuzi, mafuta na vitamini. Baada ya miaka michache Muislamu yule yule anaonekana akitafuta chai za kupunguza kitambi, vidonge vya kulainisha choo na makopo ya unga wa nyuzinyuzi uliotoka ng'ambo. Kile alicholipia kiondolewe analipia tena arudishiwe, kwa bei kubwa zaidi. Kama hii si israfu, basi israfu ni nini?

Mtume (s.a.w.) na unga usiochekechwa

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Sahaba Sahl bin Saad (r.a.) aliulizwa kama Mtume (s.a.w.) aliwahi kula mkate wa unga mweupe uliosafishwa. Akajibu kuwa Mtume hakuuona unga wa aina hiyo tangu alipopewa Utume mpaka alipofishwa. Akaulizwa kama zama zile walikuwa na chekeche. Akasema kuwa Mtume hakuona chekeche. Wakashangaa, vipi basi mlikuwa mkila shayiri isiyochekechwa? Sahl akawaeleza kuwa walikuwa wakiisaga, kisha wanaipuliza, makapi yaliyoruka yakaruka, na yaliyobaki wakayakanda na kuyala.

Ndugu msomaji, itazame hadithi hiyo kwa utulivu. Kizazi kilichofuata, kilichokwisha kuzoea unga mweupe, ndicho kilichokuwa kikishangaa. Kwao shayiri yenye makapi ilikuwa ni chakula kisichomezeka. Mshangao ule ndio tulio nao leo. Mueleze kijana wa mjini kwamba babu yake pale Kondoa, Mpwapwa au Bahi alikula ugali wa uwele kwa mlenda asubuhi na jioni, atakutazama kama wale waliomtazama Sahl.

Sisemi kuwa unga mweupe ni haramu. Hakuna mwenye haki ya kuharamisha alichohalalisha Allah. Sembe ni halali, mkate mweupe ni halali, na wali ni halali. Lakini Qur'an katika Suratul Baqara aya ya 168 haikuishia kutuagiza kula kilicho halali tu. Imeongeza sifa ya pili, kiwe pia kizuri. Waislamu wa zama zetu tumekuwa mahodari wa kuuliza kama nyama imechinjwa kisheria, na hilo ni jema na la wajibu, lakini ile sifa ya pili tumeisahau. Tunahakikisha kuku amechinjwa na Muislamu, kisha tunamzamisha katika mafuta yaliyokaangia chipsi tangu juzi.

Tatizo ni kibri kuliko kutojua

Wengi wanadhani watu wanakimbia dona na uwele kwa sababu hawajui faida zake. Mimi sikubaliani na hilo moja kwa moja. Waganga wetu wamesema, redio zimesema, na walimu shuleni wamefundisha. Kinachotuzuia ni heshima ya bandia. Dona limepewa jina la chakula cha jela na cha shule za bweni. Mtama na uwele vimepewa jina la chakula cha njaa, cha watu wa kijijini ambao mahindi yao yamekauka kwa ukame. Mgeni akija, mama anaona haya kumuwekea ugali wenye rangi. Mwanamume akipandishwa cheo, alama ya kwanza ya maendeleo huonekana mezani pake, na ya pili huonekana kiunoni. Kitambi kikageuka kuwa kitambulisho cha mwenye nazo.

Sasa tuyapime haya kwa mizani ya Sunna. Abu Huraira (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia aibu chakula hata mara moja. Akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kukidharau chakula kizima cha wazee wetu, chakula ambacho Allah amekifanya kiote katika ardhi hii yenye mvua haba pale ambapo mahindi hushindwa? Na Mtume (s.a.w.) ametufafanulia kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Anayeudharau uwele, mara nyingi anamdharau anayeula.

Kilichomo ndani ya makapi

Wataalamu wetu wa lishe huziita nyuzinyuzi kwa jina la makapi-mlo. Wanga laini, kama wa sembe, mkate mweupe na sukari ya soda, humeng'enywa haraka katika utumbo mwembamba, na sukari yake huingia katika damu kwa kasi. Nyuzinyuzi haziko hivyo. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuzimeng'enya, hivyo hupita mpaka utumbo mpana. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kazi yake ni kuongeza wingi wa choo tu.

Kumbe katika utumbo mpana kuna jamii nzima ya viumbe wa Allah tusiowaona kwa macho. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanaeleza kuwa bakteria katika mwili wa mtu mzima wanakaribia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wenyewe, na wengi wao wanaishi humo. Riziki yao ni zile nyuzinyuzi tulizoshindwa sisi kuzimeng'enya. Wakizila wanatoa asidi maalumu, na mojawapo, inayoitwa butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo pia huamsha homoni zinazoupelekea ubongo habari kuwa mtu ameshiba. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, walikipa jina la pribayotiki chakula cha namna hii, ambacho mtu hakimeng'enyi lakini kinawalisha bakteria wenye manufaa kwake.

Na wakinyimwa riziki yao? Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa bakteria waliokosa nyuzinyuzi waligeukia ule ute unaoukinga ukuta wa utumbo, wakaanza kuula. Ni sawa na mlinzi aliyenyimwa posho, akaanza kubomoa matofali ya nyumba anayoilinda akayauze. Subhanallah! Sehemu ya nafaka tuliyoiita takataka, Allah alikuwa ameiandikia wenyewe wa kuila, na amewaweka ndani yetu.

Daktari wa Mulago na wanaume wa Kilimanjaro

Inapasa tujue kuwa elimu hii, ambayo leo inarudi kwetu kutoka Ulaya ikiwa ndani ya makopo, sehemu kubwa ya chimbuko lake ni hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na baadaye akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka miaka ya 1960. Mwenzake, Hugh Trowell, alitibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Waliona kuwa magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, kisukari cha ukubwani na ugonjwa wa mishipa ya moyo, yalikuwa adimu sana kwa wagonjwa wao wa Kiafrika. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa mgeni kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliandika katika jarida la tiba habari ya mgonjwa mmoja tu wa Kiafrika.

Burkitt hakuona haya kupima vyoo vya watu. Katika utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walionekana kutoa choo kilicho zaidi ya mara nne ya uzito wa choo cha Waingereza waliokula chakula kilichokobolewa, na chakula kilipita matumboni mwao kwa muda usiofika nusu ya ule wa Waingereza wale. Watu walimcheka. Lakini tangu hapo tafiti nyingi zimeonesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hupatwa kwa uchache zaidi na kisukari, maradhi ya moyo na saratani ya utumbo mpana. Burkitt hakuwa Muislamu, bali hekima huokotwa popote inapopatikana. Sisi ambao dini yetu imetufundisha mpaka adabu za kuingia na kutoka chooni hatuna sababu ya kuona haya kulizungumza jambo hili.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapa nchini, mkoani Kilimanjaro, ukiongozwa na wataalamu wa KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Miongoni mwao alikuwemo mtafiti Mtanzania, Godfrey Temba. Wanaume 77 wenye afya njema walishiriki. Waliokuwa wakiishi vijijini wakila vyakula vya asili walipewa kwa wiki 2 vyakula vya kizungu, vya kukaangwa na kusindikwa. Kundi la wanaume wa mjini likapewa kwa wiki 2 vyakula vya asili, yaani nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, ndizi na mboga za majani. Wale wa vijijini damu zao zilionesha dalili za uchochezi kupanda, na chembe za kinga zikapunguza uhodari wake wa kupambana na vijidudu. Wale wa mjini mambo yakawa kinyume, uchochezi ukashuka. Na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baada ya zoezi kwisha. Wiki 2 tu, ndugu zangu! Sisi tumekula hivyo kwa miaka 20.

Uadilifu unanilazimisha nitaje pia kuwa katika utafiti huo lilikuwepo kundi jingine la wanaume wa mjini lililopewa mbege kwa wiki 1, nalo likaonesha mabadiliko ya kupungua uchochezi. Asije mtu akasimama na habari hiyo kutaka kuihalalisha pombe. Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 219, ilikwisha kukiri kuwa katika ulevi yamo baadhi ya manufaa kwa watu, ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Muislamu haharibu akili yake ili aponye utumbo wake. Togwa ya uwele au mtama inayonywewa ingali changa, kabla haijachachuka na kulevya, inatosha.

Hali yetu sisi tuliohamia mjini

Dodoma imebadilika haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya Dodoma Mjini. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, watu waliongezeka mpaka sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Ofisi zimekuja, na pamoja nazo vimekuja viti vya kukalia kutwa nzima, bodaboda za kutufikisha mlangoni na vibanda vya chipsi mayai kila kona. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Makole mpaka soko la Majengo siku hizi anaita pikipiki.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kuwa wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au wamenenepa kupita kiasi, na hali hiyo mijini ni karibu mara mbili ya vijijini. Nyuma ya hesabu hizo kuna watu tunaowajua. Kuna mama aliyekatwa mguu kwa kisukari, na mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi huku watoto wake bado wanasoma. Hata misikitini, katika safu zetu, viti vya plastiki vinazidi kuongezeka. Baadhi ni vya wazee na walioumia, hao Allah amewapa ruhusa. Lakini wapo pia wenye umri wa miaka 40 ambao magoti yao yameshindwa kubeba mwili, na paji la uso halifiki chini. Tumbo limewanyima sijda. Je, hilo si jambo la dini?

Hata hivyo tuwe na insafu. Si kila mnene ni mlafi. Wapo waliorithi maumbile hayo, wapo wenye maradhi ya homoni, na wapo masikini wanaonunua wanga na mafuta kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha haraka kwa fedha ndogo. Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Anayemcheka dada yake kwa mwili wake ametenda dhambi iliyo wazi zaidi kuliko sahani ya chipsi.

Tahadhari kuhusu sumukuvu

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu dona nikanyamazia hatari yake. Mwaka 2016 hapa katikati ya nchi, katika baadhi ya wilaya za Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Walioripotiwa ni wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Sumu hiyo hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini. Kukoboa huipunguza, ingawa hakuimalizi.

Kwa hiyo anayetaka dona achague mahindi yake kwa macho yake. Yawe makavu kabisa, yasiyo na ukungu, yasiyobadilika rangi wala kuoza, na yahifadhiwe juu ya chaga, mahali pakavu. Mahindi yaliyooza hayafai, na kuyapika hakuiondoi sumu yake. Na mwenye duka Muislamu anayechanganya mahindi mabovu na mazuri ajue kuwa Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani pamelowa, akamkana mwenye kuwaghushi watu. Hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim.

Aidha, nyuzinyuzi si muujiza. Hizo pribayotiki za makopo, matokeo yake katika kupunguza uzito ni madogo na hayafanani kwa watu wote. Anayeongeza dona huku soda, mafuta na kukaa kitako viko pale pale, asitarajie kitambi kuondoka. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake wala miadi ya kliniki kwa sababu ameanza kula uwele. Na ambaye tumbo lake limezoea sembe aongeze kidogo kidogo na anywe maji ya kutosha, asije akajaa gesi akailaumu Sunna. Watoto wachanga wanaoanza kula na wenye maradhi ya utumbo wapate ushauri wa mhudumu wa afya kwanza.

Tulirudishie sinia heshima yake

Tufanye nini basi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kiwango hicho hakihitaji makopo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa peke yake kinakaribia nusu yake. Ongeza dona au uwele, ongeza kunde, choroko, mbaazi au njugu mawe. Ongeza mlenda, ambao ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kuichelewesha sukari kuingia katika damu. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina inulini, ambayo ni pribayotiki inayojulikana sana. Ubuyu wa mibuyu yetu hii ya Dodoma umejaa nyuzinyuzi, alimradi tuule kama Allah alivyoufunga katika kibuyu chake, si ule uliokaangwa kwa sukari na rangi nyekundu.

Lakini nimesema kuwa ugonjwa wenyewe ni kibri, na kibri hakitibiwi kwa orodha ya vyakula. Kinatibiwa kwa kukipandisha cheo kilichodharauliwa. Kwa hiyo nina maombi matatu kwa Waislamu wa mjini.

La kwanza, wenye shughuli za walima, maulidi na futari za pamoja waweke ugali wa uwele, kunde na mlenda katika sinia lile lile la wageni wa heshima, mbele ya Masheikh na viongozi, si pembeni kwa watoto na wapishi. Sheikh akila hadharani, waumini watakula. Atakayesema mgeni anastahiki kilicho bora, tutamjibu kuwa ni kweli, na bora ni kile kitakachomfaa baada ya kuondoka.

La pili, madrasa na shule zetu za Kiislamu zinazopika dona zisiwaombe radhi wanafunzi kana kwamba zimewakosea. Mwalimu awasomeshe habari ya Sahl bin Saad na shayiri yake, wajue kuwa sahani iliyo mbele yao ina nasaba na sahani ya Madina.

La tatu ni kwa akina baba. Msiwaachie wake zenu lawama ya jikoni. Wengi wenu ndio mnaosusa mkiona ugali una rangi. Mke akipika dona mkanuna, kesho atapika sembe. Mfuateni yule ambaye hakupata kukitia aibu chakula.

Na juu ya yote tusisahau kipimo. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba hakuna chombo kibaya zaidi anachokijaza mwanadamu kuliko tumbo, kwamba tonge chache za kuunyoosha mgongo zinamtosha, na akilazimika basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Hata uwele una theluthi yake. Atakayekula ugali wa dona mpaka akashindwa kuinuka amefuata jina la Sunna tu, roho yake ameiacha.

Miili hii ni amana, na siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu neema. Tusije tukaulizwa kuhusu punje ya nafaka iliyoumbwa kamili, tukawa hatuna jibu ila kwamba tulilipa watu waivunje, tukawapa kuku nusu iliyo bora kwa sababu tuliona haya mbele ya wageni.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali iliyo nzuri, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe nguvu ya kumsujudia mpaka mwisho wa uhai wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.